Bwana Mabawa na Meno Yangu

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliamini kwamba ukiokota jino la mjusi arukaye wa kale, yeye naye atakuja kuchukua lako. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha. Mnyama mwenyewe alikufa zamani sana, kabla ya mnazi wa kwanza kuota Kilifi, na kabla ya mtu wa kuukwea mnazi huo. Lakini mimi nilikuwa na hakika kwamba anajua ninapoishi, Muyeye, nyumba ya mlango wa kijani, na kwamba siku akitaka lake hatauliza njia.

Nyinyi vijana wa stoo yetu ya visukuku mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla hamjaja na mashine zenu za kupigia picha mawe. Nimestaafu, muda ninao. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na kazi zaidi. Mishahara nayo tuiache ipumzike. Nitasema juu ya meno.

Siku ya kwanza niliripoti kambini kwetu, katika makorongo ya bara nyuma ya Kilifi, pale minazi inapochoka na miiba inaposhika zamu. Kabla ya hapo nilikuwa nikikata mawe ya kujengea, nikadhani kazi mpya ni ileile ila kwa mawe madogo. Aliyenipokea alikuwa Fundi Omari, mkuu wa kikosi chetu, Mswahili wa Malindi mjini. Alivaa kofia ya mkono iliyofuliwa ikameta, na kinywani mwake palikuwa na jino moja la mbele, limesimama peke yake kama askari wa geti.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Kahindi?"

"Ndimi."

"Fungua mdomo."

Nikafungua, nikidhani ni kipimo cha afya. Akachungulia, akatikisa kichwa kama mtu anayetazama nyumba nzuri iliyojengwa bondeni.

"Mashaallah," akasema. "Una meno mazuri. Haya, twende tukayatie kazini."

Sikuelewa. Aliyenielewesha alikuwa Charo, ambaye baadaye tulifanya kazi pamoja mpaka watu wakadhani tulizaliwa mapacha. Wakati wa chakula alinivuta kando. Alikuwa na pengo mbele, na kila neno lenye "s" lilimtoka na filimbi.

"Umekiona kinywa cha Fundi?" akaniuliza.

"Nimekiona."

"Umekiona changu?"

"Nimekisikia."

"Basi jua. Huyu mjusi alikuwa na mabawa, hakuwahi kutulia ardhini, na mpaka leo hajatulia. Ukichukua jino lake, atachukua lako. Si siku hiyohiyo. Atakuacha usahau kwanza."

Wataalamu wana jina refu la kumwita mnyama huyo, jina ambalo ukilitamka bila meno unamrushia mwenzako mate. Sisi tulimwita Bwana Mabawa, kwa adabu na kwa tahadhari.

Sasa niwape kazi yenyewe. Jino la Bwana Mabawa ni jembamba, limepinda kidogo, lina ncha kama mwiba wa mgunga. La mamba ni nene, limejaa kama mhogo uliokatwa. Usiyachanganye, maana nimewaona watu wenye digrii mbili wakiyachanganya, na mimi mwenyewe niliyachanganya kwa mwaka mzima bila digrii hata moja. Litafute asubuhi, jua likiwa chini, kwa sababu jino humeta na jiwe halimeti. Jua la adhuhuri halifai. Jua la adhuhuri la makorongo yale linakaanga yai likiwa bado ndani ya kuku. Tambaa. Funga ndara kuukuu magotini, moja kila goti, kwa mpira wa baiskeli. Ukifika kwenye shimo la sisimizi, piga magoti uwasalimie, kwa kuwa wao hukusanya vijiwe mlangoni kwao, na mara nyingi jino dogo nililolikosa mimi walikuwa wameliona wao na kulipanga vizuri.

Jino ukilipata, lisafishe kwa brashi ya meno. Hakuna kifaa kinachoipita. Nilinunua brashi za meno kwa mafungu katika duka moja la Wahindi mjini Malindi, na zote zilikwenda kwa Bwana Mabawa. Mimi nilitumia mswaki wa mti nilipokumbuka. Kisha litie jino pamba, uliweke ndani ya kiberiti kitupu, uandike juu yake. Kuandika ndiko kulikonipeleka shule ya ngumbaru. Nilisoma jioni, nimekaa kwenye dawati lililonibana kama kiatu cha mtoto, mpaka nikapata cheti, na lebo zangu zikawa ndefu kuliko barua za wapenzi. Fundi Omari aliniomba nizifupishe. Alisema viberiti havina ua wa nyuma.

Lakini kabla ya pamba na kiberiti, kulikuwa na kuonja.

Hili mlisikie vizuri, maana ndilo lililokuwa fahari ya kikosi chetu. Mfupa wa kale, hata ukigeuka jiwe, una vitundu vidogo visivyoonekana. Ukiugusa kwa ulimi, unanata. Jiwe la kawaida halinati. Hiyo ni hatua ya kwanza, na duniani kote wachimbaji wanaijua. Kikosi chetu kilikuwa na hatua ya pili. Ulitia kile kitu baina ya magego, ukauma, ukasaga kidogo huku na huku. Jino la kweli linateleza kama kigae cha sahani. Jiwe linakwaruza. Fundi Omari alinionyesha siku ile ya kwanza, kwa magego mawili aliyobakiza nyuma, kwa utaratibu, amefumba macho kama mtu anayeonja biriani ya harusi. Nikajaribu. Likakwaruza. Nikajaribu jingine, likakwaruza zaidi. Kufikia jioni nilikuwa nimetafuna kokoto za kutosha kujenga kibaraza.

"Ndivyo unavyojifunza," Fundi akaniambia. "Kwa kila jino moja utauma mawe mengi."

Sheria yetu ilikuwa moja: kisichoonjwa hakiandikwi. Asubuhi badala ya kuulizana habari tuliulizana "Umeonja?" Asiyeonja tulimwona mgeni tu, hata kama ana lenzi ya shaba.

Jino langu la kwanza la Bwana Mabawa nililipata mvua za vuli zilipokwisha. Kikosi kizima kilishangilia. Haukupita muda mrefu gego langu la kulia likapasuka nikila mkate wa mofa, tena mkate laini. Charo alinitazama. Akaninyooshea mkono, tukapeana kama watu wa chama kimoja.

Tangu hapo imani ilikaa sawa, haikutikiswa na chochote. Nilipookota jino na langu lisianguke, tulisema Bwana Mabawa yuko safarini. Langu lilipoanguka bila ya mimi kuokota kitu, tulisema amechukua mapema. Niliposema nyumbani kwamba shemeji yangu, ambaye hajawahi kuona kisukuku, naye hana meno, mke wangu Dama alisema huyo anakunywa sana, na mimi nikaona hilo halihusiani. Kliniki nilikwenda mara kadhaa kung'olewa vipande vilivyobaki. Pale walikuwa wakiuliza jino lipi. Hawakuuliza kwa nini, na mimi si mtu wa kuwapa watu siri za kazi.

Miaka ikaenda. Sifa zetu zikaenea pwani nzima, zikavuka mpaka bahari zikarudi. Watu wakatuletea meno ya kila aina. Mvuvi wa Kuruwitu alileta mdomo wa samaki pono na akaapa ni wa ndege wa Firauni. Mwendesha tuktuk wa Watamu alileta meno mazuri sana, meupe, yamepangana kwenye ufizi wa waridi, aliyoyaokota ufukweni mbele ya hoteli. Niliyatia mdomoni nikayaonja kabla Charo hajaniambia ni ya bandia, ya mtalii. Nilisema yanateleza kweli, na nikayarudisha kwa heshima.

Fundi Omari alistaafu, askari wake wa geti akastaafu naye. Siku ya kumuaga aliniita kando. "Kahindi," akasema, "mimi nimeokota meno ya Bwana Mabawa moja moja maisha yangu yote. Sijapata kuyaona yakiwa kinywani. Sijui yalikaaje. Yalisimama, yalilala, yalitazama wapi. Nayachora kwa kubahatisha." Nilimwambia taya litapatikana. Alinipiga bega kama mtu anayemshukuru mtoto kwa uwongo mtamu.

Likapatikana, bwana. Lilipatikana mwisho kabisa, msimu wangu wa mwisho, mawingu ya masika yameshaanza kupanda kutoka baharini.

Nilikuwa natambaa chini ya ukingo wa korongo. Nikaona jino limechomoza. Kando yake la pili. Kando yake la tatu. Nikapuliza vumbi, nikaona mfupa mrefu mwembamba umeingia ndani ya ukingo, na meno yamejipanga juu yake, mstari ukipotea udongoni. Nikakaa kitako.

"Charo," nikaita. "Njoo."

Charo akaja, akatazama. Akarudi nyuma hatua mbili, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kinywa kizima," akasema kupitia vidole.

"Kizima."

"Onja basi."

"Onja wewe."

"Wewe ndiye uliyeliona. Mimi nimebakiwa na magego tu, Kahindi, na nyama bado naipenda."

Mambo yalikuwa hivi. Ukingo ule ulikuwa udongo mtupu, na mvua kubwa ya kwanza ingeubomoa na kulipeleka taya baharini vipande vipande. Na wiki mbili mbele yetu binti yangu Sidi alikuwa anaolewa. Baba wa bibi harusi lazima asimame aseme mbele ya wakwe, na wakwe wenyewe walikuwa watu wa kusikiliza sana. Nilikuwa na meno ya mbele, juu na chini, hayo ndiyo niliyokuwa nimeyatunza kwa kuuma upande. Hesabu haikuhitaji cheti cha ngumbaru. Jino moja la Bwana Mabawa lilinichukulia moja. Hili taya lingenifagia.

Nikarudi nyumbani nikamweleza Dama. Alikuwa akichambua mchicha.

"Basi liache," akasema.

"Mvua italichukua."

"Basi litoe."

"Na meno yangu?"

"Baba Sidi, hayo uliyobakiza unayatumia kwa kazi gani, kusema?"

"Ndiyo. Harusini."

Akafikiri. "Basi kweli liache," akasema, akaendelea na mchicha.

Sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda mjini kwa Fundi Omari. Nilimkuta barazani akichovya mkate katika chai. Shikamoo, marahaba, habari za watoto. Kisha nikamwambia. Mkate ukamdondokea kikombeni na hakuutafuta.

"Liko pale sasa hivi?" akauliza.

"Liko."

"Na wewe uko hapa."

"Fundi, ninaozesha."

"Kahindi, mimi nimekwisha kutoa yote na sijamlaumu. Nakuuliza neno moja. Mvua ikilichukua, mimi nitajua lini yalikaaje?"

Akanitazama. Nikaaga, nikapita nyumbani nikachukua leso mbili za Dama.

Leso zilikuwa za kufunika mdomo. Niliona kwamba Bwana Mabawa asipoyaona meno yetu, huenda akakosa la kuchagua. Charo aliona ni hekima ya hali ya juu. Tukajifunga puani mpaka kidevuni, tukaanza. Wachunga mbuzi waliopita juu ya ukingo walituona, wakaharakisha mbuzi wao, wakidhani ni majambazi wanaochimbia mali.

Taya halichomolewi kama karoti. Unachimba handaki kulizunguka, libaki juu ya kilima chake cha udongo. Unalitia gundi nyembamba, unaisubiri ikauke, unatia tena. Unafunika kwa karatasi ya shashi iliyoloweshwa, kisha vitambaa vya gunia vilivyochovywa katika plasta, kama mtu aliyevunjika mguu. Chini unakata polepole, na mwisho unaligeuza lote kwa pamoja na kuomba Mungu. Hatukuliuma. Hatukuliramba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kisukuku kiliingia kwenye plasta bila kuonjwa, na nilijiona kama mpishi anayepeleka mchuzi mezani hajui kama una chumvi. Tena mchuzi wa ladha ya leso, maana nilikuwa nikitafuna kitambaa kwa hofu.

Tone la kwanza lilituangukia tukiwa tunageuza. Gari letu halikuweza kushuka kule, tukaazima kitanda cha kamba kwenye boma la karibu, tukalilaza taya, tukalifunika shuka, tukainua. Mvua ikamwagika nyuma yetu kama mtu aliyekuwa akitungoja tutoke. Ukingo niliusikia ukianguka na sikugeuka kuutazama.

Njiani watu walisimama, wakavua kofia. Bibi mmoja akatufuata chini ya jani la mgomba.

"Poleni, wanangu. Ni nani?"

"Mtu wa zamani, mama," Charo akajibu ndani ya leso.

"Maskini. Aliacha watoto?"

"Hatujawapata bado."

Akatusindikiza mpaka kwenye gari, Mungu ambariki.

Basi nikaanza kungoja. Kila asubuhi nilipapasa meno kwa ulimi kabla sijafumbua macho. Yapo. Chakula nilikula uji, nisimpe Bwana Mabawa kisingizio. Siku ya harusi nilisimama mbele ya wakwe nikaongea kwa muda mrefu, wengine watawaambia mrefu kupita kiasi, na kila "s" ilitoka safi. Nilitumia maneno yenye "s" nyingi kwa makusudi. Nilipokaa, Dama akaniinamia.

"Mbona hayajaanguka?"

"Labda alikuwa anangoja nimalize."

"Kama ni hivyo ana subira kuliko sisi."

Stoo walipokwisha kuifungua ile plasta na kulisafisha taya, tulimleta Fundi Omari. Charo alimshika mkono huu, mimi ule. Taya lilikuwa mezani chini ya taa. Meno ya ncha ya mbele hayakusimama. Yalilala kuelekea mbele, yametoka nje ya kinywa kama vidole vya mtu anayeomba kupewa kitu. Fundi aliinama. Kabla mtu hajamzuia akatoa ulimi akaligusa.

"Limenata," akasema.

Kisha akayafuata meno kwa kidole, moja moja. "Yalilala," akasema. "Miaka yote mimi nayachora yamesimama." Akacheka kwa ufizi mtupu mpaka kofia ikamwanguka. Nikamwokotea. Mnaoniuliza siku gani kazini ilikuwa nzuri kupita zote, ni hiyo, na hakuna nyingine inayoikaribia.

Bado meno yangu hayakuanguka. Nikaona afadhali nijiandae. Nikaenda kliniki ya meno mjini Malindi kuagiza ya bandia, yote kwa pamoja, yakae tayari. Daktari alikuwa Daktari Rehana, na nilipotaja jina langu akaweka kalamu chini.

"Wewe ndiye mzee wa brashi," akasema. "Duka lilikuwa la baba yangu. Alikuwa akitusema kila siku: hakuna mtu Malindi anayetunza meno kama Mzee Kahindi. Hebu fungua."

Nikafungua. Akachungulia, akasogeza taa, akachungulia tena.

"Brashi zilikwenda wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, Bwana Mabawa, Charo, askari wa geti wa Fundi, kitanda cha kamba. Alinisikiliza kwa adabu ya watu waliolelewa dukani. Nilipofika kwenye kuonja aliniinulia mkono.

"Subiri, mzee. Mnaonja vipi?"

"Kwanza ulimi, unanata. Halafu unauma, unasaga kidogo."

"Mnauma jiwe."

"Jiwe au jino. Ndiyo namna ya kujua."

"Kila siku?"

"Siku ya kazi."

"Kikosi kizima?"

"Asiyeuma tulimwona mgeni."

Akavua glavu moja, kisha ya pili. "Na hili taya kubwa, ambalo halikukuchukulia hata moja. Hilo uliliuma?"

"La. Niliogopa. Nilifunga leso mdomoni."

Akavuta kiti akakaa karibu nami, akasema polepole, kama mtu anayemsomea mzee dawa ya kutwa mara tatu:

"Mzee Kahindi, hakuna mjusi aliyekuja kukuchukulia meno. Ulikuwa unatafuna mawe."